Mume wangu Mchaga anasema mlima haumtishi

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston na mume wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 66, yuko nasi tangu Agosti na atarudi nyumbani Aprili. Ana presha, lakini vidonge vyake anameza kila asubuhi bila kukosa.

Kazini kwa mume wangu kuna watu ambao kila mwaka, likizo ya shule ya Machi ikifika, hupeleka familia zao Colorado kuteleza kwenye theluji. Mwaka huu amesema zamu yetu. Ameshalipa kianzio cha nyumba Breckenridge, mji ulio juu kabisa milimani. Ratiba ameipanga hivi: Jumamosi alfajiri tunaondoka Houston, saa tatu asubuhi tuko Denver, tunakodi gari, mchana tunafika Breckenridge, na Jumapili asubuhi tuko kwenye miteremko. Siku sita mfululizo, Jumamosi tunarudi. Watoto atawafundisha mwenyewe. Kila usiku anatazama video, na juzi nimemkuta sebuleni kakunja magoti, anayumba kushoto na kulia kama mtu aliyepandwa na shetani.

Nimesoma kwamba mji wenyewe unakaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Sisi Houston tuko karibu sawa na bahari. Nilipomwambia tulale kwanza Denver tuzoee hewa, alicheka. “Mke wangu, mimi Mchaga. Nimezaliwa Marangu. Nimefika Horombo, kule juu Kilimanjaro, nikiwa kidato cha tano, na raba za kuazima.” Anasema mimi mtu wa Pwani nikiona kichuguu natetemeka, na kwamba hoteli ya Denver ni kutupa pesa.

Nilidhani mama ataniunga mkono. Kumbe ameshamwomba mkwewe amnunulie viatu vya theluji! Ananiambia, “Jua la Tanga nimeliota miaka 66, niache na mimi nikanyage barafu kabla sijafa.”

Mgonjwa kati yetu hakuna. Binti alipozaliwa tu tulipigiwa simu tukaambiwa vipimo vimeonyesha anabeba sikoseli, haumwi, na daktari wa watoto akasema ataishi kama wenzake. Ni kweli, hajawahi kulazwa hata siku moja. Mdogo wake hana kabisa.

Mama, hivi ni mimi ninayewaharibia wenzangu likizo kwa woga wangu? Na kama tukienda, tujipange vipi ili tusiuze gari?

Mtu wa Pwani, Houston

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: kwenye ule mstari wa binti yako, ulioupitisha mwishoni kama mtu anayetaja rangi ya begi. Huo ndio mstari mkuu wa barua hii. Lakini nianze na Mchaga wako, maana bila kumwelewa yeye hatutaelewana kuhusu mtoto.

Mwambie hivi, kwa maneno ya mlimani kwao. Mtu anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanzia lango lililo chini ya mita 2,000, anatembea saa kadhaa huku kiongozi akimwimbia “pole pole”, na usiku wa kwanza analala kwenye kambi ya Mandara, mita 2,700 na kidogo. Nyumba aliyoilipia Breckenridge iko mita 2,926. Kwa hiyo anataka kuitoa familia usawa wa bahari alfajiri na kuilaza juu ya Mandara jioni, bila mguu mmoja kukanyaga njia. Asubuhi yake kuna lifti ya viti inayofika mita 3,900 na ushei. Usawa wa Horombo aliyoitolea jasho kidato cha tano, kiti hicho kitampitisha kwa dakika chache tu, amekaa, simu mkononi. Nakuhakikishia hakuna kiongozi wa Marangu ambaye angekubali ratiba hiyo kwa mgeni wake.

Pale Breckenridge kila pumzi unayovuta ina kama asilimia 70 ya oksijeni unayoipata Houston. Denver, mita 1,609, ni kama asilimia 82. Mwili unaweza kuzoea, ila unahitaji siku, na mazoea hayo hauyawekei akiba. Ukikaa chini wiki chache yameyeyuka, seuze mtu aliyeondoka Marangu miaka hiyo yote. Wala misuli haisaidii hapa. Nimefanya kazi ya uuguzi karibu na Denver muda mrefu, na waliokuwa wakiletwa Machi wakiwa kijani usoni mara nyingi walikuwa wanaume wenye afya zao, waliokimbilia kileleni siku ya kwanza ili wasipoteze tiketi. Na mimi mwenyewe nisijifanye malaika: mara yangu ya kwanza kulala kule juu nilitapika mbele ya wakwe wa mwanangu, kwenye meza ya chakula, nikasingizia samaki.

Dalili zenyewe huanza saa chache baada ya kufika, mara nyingi usiku wa kwanza: kichwa kinagonga, chakula hakipandi, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu. Mtoto wa miaka 6 hatakwambia “naumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko.” Atanuna, atakataa chakula anachokipenda, atalala mchana wakati si kawaida yake. Hali hiyo kwa kawaida hupita ndani ya siku moja hadi tatu kama mtu anapumzika, anakunywa maji na hapandi juu zaidi. Lakini ukimwona mtu anakosa pumzi na yuko kwenye kochi tu, anakohoa, au anapepesuka kama mlevi na maneno yanamchanganyika, usingoje kuche. Piga 911, na ashushwe. Dawa ya kwanza ya mwinuko ni kuteremka. Vile vikopo vya oksijeni utakavyoviona kila duka ni starehe ya dakika mbili, usijivunie kuwa navyo.

Sasa binti yako.

Daktari wa watoto hakukudanganya. Wengi wanaobeba sikoseli huishi maisha yao yote bila kujua kama wanabeba. Lakini kuna hali chache zinazoweza kuziamsha hizo chembe za damu zilizolala, na kati ya hizo kuna mwinuko mkubwa, kukaukiwa maji na kujichosha kupita kiasi. Likizo ya theluji inakupa zote tatu kwa siku moja! Oksijeni ikipungua, baadhi ya chembe nyekundu hujikunja umbo la mundu na kuziba mishipa midogo, na mahali panapoumia mara nyingi ni bandama. Ryan Clark, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani wa timu ya Pittsburgh Steelers, anabeba kama binti yako. Mwaka 2007 alicheza mechi Denver, akaugua vibaya, akaishia kutolewa bandama na mfuko wa nyongo. Januari 2012 timu yake ilirudi Denver kwa mechi kubwa ya mtoano na kocha akakataa kumpanga. Na hiyo ni Denver, mwanangu, mita 1,609, wala si Breckenridge.

Sijakuambia haya ili umfungie mtoto ndani. Tukio lenyewe ni nadra, na wanaobeba wengi hupanda milima wakarudi salama. Ila nataka mambo mawili yafanyike kabla hujanunua hata soksi. Kwanza, mpeleke kwa daktari wake, mweleze wazi: mita 2,926 za kulala, lifti zinazokwenda juu zaidi, siku nne za kuteleza, siyo sita, ratiba nakupa hapa chini. Aseme yeye kama ruhusa ipo na kwa masharti gani. Pili, na hili hukuliuliza: hakuna mtoto anayebeba sikoseli bila kuirithi kwa mzazi. Aliyempa ni wewe au baba yake, na huenda nyote wawili mnabeba. Texas walimpima mtoto. Ninyi je, mlipimwa?

Najua utakavyofikiri. Pwani ndiko kwenye mbu, na sikoseli imeshamiri palipokuwa na malaria nyingi, kwa hiyo lazima ni damu ya Tanga. Huenda. Lakini damu haina kabila, watu wameoana na kuhamahama, na bwana aliyejiapiza kuwa kwenye miteremko Jumapili asubuhi anaweza kuwa ndiye mbebaji. Visa vingi vya bandama kuumia mlimani ambavyo madaktari wameviandika ni vya wanaume. Kapimeni nyote wawili, ni damu kidogo tu. Akikataa, mwambie nimesema mimi, na kwamba Mchaga wa kweli hupima shamba kabla ya kununua. Mkikutwa nyote mnabeba, hilo nalo ni la kujua mapema kama mnapanga mtoto wa tatu, maana kila mimba itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya ugonjwa wenyewe.

Kuhusu Denver, hukosei, tena hesabu iko upande wako. Baba watoto anasema hoteli ni kutupa pesa. Muulize tiketi ya lifti ni bei gani. Ukiinunua dirishani siku zenye watu wengi, mtu mzima mmoja kwa siku moja anapita dola 200, na shule ya watoto iko juu ya hapo. Yeye kapanga siku sita. Watu ambao hawajawahi kuvaa skii hawawezi siku sita. Siku ya tatu magoti yanadai talaka. Panga hivi: ondokeni Ijumaa jioni, laleni Denver Ijumaa na Jumamosi. Jumapili baada ya chakula cha mchana ndipo mpande. Jumatatu ni ya kutembea mjini, kunywa supu na kumpeleka bibi akanyage barafu yake. Mteleze Jumanne hadi Ijumaa, siku nne. Tiketi za siku mbili kwa watu wanne mlizoziacha zinalipa hoteli, na chenji inabaki. Usiku wa Jumamosi kule kwenye nyumba utapotea, labda mwenye nyumba akubali mwanze Jumapili. Muombeni sasa, siyo Februari.

Faida nyingine ni barabara. Jumamosi asubuhi Denver nzima inapanda barabara ya I-70 kwenda milimani, na Jumapili alasiri yote inateremka. Ninyi mtakuwa mnapanda wenzenu wakishuka. Hata hivyo sipendi dereva wa Houston aanze kujifunza theluji kwenye njia inayopita handaki la Eisenhower, lililo mita 3,400. Kuanzia Septemba hadi Mei sheria ya Colorado inadai gari kwenye milima hiyo liwe na matairi yanayofaa theluji au minyororo, na si kila gari la kukodi litakuwa nayo. Kuna mabasi madogo yanayopeleka abiria Breckenridge kutoka Denver. Mkishafika hamhitaji gari: mabasi ya mjini ni bure, na vile vijumba vinavyoning'inia kwenye waya kutoka mjini hadi chini ya miteremko, wakati wa majira ya baridi navyo ni bure.

Tiketi zinunuliwe mapema mtandaoni. Zile pasi za msimu na za siku chache ni nafuu sana kuliko dirishani, lakini mauzo yake kwa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Desemba. Umeniandikia Novemba, kwa hiyo fanya wiki hii.

Mwalimu wa sebuleni naye apumzike. Watoto wapelekwe shule ya skii walau siku mbili za mwanzo, na yeye mwenyewe akae darasa la watu wazima. Watafundishwa kuweka ncha za skii pamoja kama kipande cha piza ili wasimame, na kuzinyoosha ili waende. Mtoto wa miaka 6 atalishika hilo kabla ya chai ya saa nne. Baba atalishika Alhamisi. Mteremko wenye alama ya duara la kijani ndio wenu. Almasi nyeusi ni ya wenyewe. Ile lifti ndefu ya kileleni siitaki kabisa kwa binti yako, na kwa baba yake mpaka majibu ya damu yatoke.

Nguo msinunue zote. Suruali na koti la theluji azimeni kwa hao wenzake wa kazini, au mkodishe hukohuko. Vya kununua ni glavu nzuri, soksi za sufu na miwani ya theluji. Fulana za pamba ziacheni nyumbani, zikilowa jasho zinakugandisha. Na msidanganyike kwamba ngozi nyeusi haiungui: jua la kule juu ni kali zaidi, na theluji inalirudisha usoni kutoka chini. Nimeona midomo ya watu wetu imebabuka kama waliolamba kaa la moto. Pakeni mafuta ya jua hata chini ya kidevu. Hewa nayo ni kavu mno, pua zitatoa damu kidogo, msishtuke.

Mama yako aende. Mtu mwenye presha iliyotulizwa kwa dawa mara nyingi huruhusiwa, ila apate neno la daktari kabla, kwa sababu siku za mwanzo kule juu presha huwa inapanda. Vidonge asiache, na muulizeni daktari hasa kama kimojawapo ni cha kukojoza. Daktari akitaka kuwapa Diamox ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, aliyewahi kuvimba kwa Fansidar, ile dawa ya malaria, aseme, maana zote zina ukoo na salfa. Kumbuka pia mama yako ameshakaa saa nyingi ndani ya ndege kutoka Dar, na hewa ya ndani ya ndege hufanana na ya mlima wa mita 2,400 hivi. Alikaa salama, hiyo ni dalili njema, lakini alikuwa ameketi, hakuwa akipanda ngazi na mjukuu mgongoni. Kinachonitisha zaidi kwake ni barafu ya barazani. Kuna mipira yenye meno ya chuma inavalishwa juu ya viatu, bei yake ndogo, anunuliwe kabla ya hivyo viatu vyenyewe. Halafu bima: mgeni wa Marekani asiye na bima akivunjika nyonga ndipo mtakapouza gari kweli. Soma kama bima yake ya wageni inagusa ugonjwa aliokuja nao.

Usiku miwili ya mwanzo pombe isinywewe, wala dawa za usingizi. Chupa ya maji iwe mkononi mwa binti muda wote; mwalimu wake wa skii aambiwe hali yake, na simu yako awe nayo.

Leo jioni, kabla hujamwonyesha baba yake barua hii, mkalishe mtoto. Chukua mkono wake, uweke chini ya mbavu, upande wa kushoto, umwambie: hapa panaitwa bandama. Tukiwa mlimani pakikuuma, hata kidogo, hata ukiwa unafurahi, hata mwalimu akisema ni uchovu, unaacha skii hapohapo na unaniita. Na wewe ukifika hospitali sema sentensi moja kabla ya jina lako: mtoto huyu anabeba sikoseli na tumepanda kutoka usawa wa bahari. Bila hiyo watakuambia ni gesi.